Mjomba anawania wadi, nami nataka ukarani wa kituo cha kura

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kaloleni, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, nimemaliza chuo na bado natafuta kazi. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 uko njiani na ninataka kuomba ukarani wa kituo cha kura. Naomba unieleze karani hufanya nini hasa tangu asubuhi hadi mwisho, na anatakiwa ajiweke vipi. Kuna mambo mawili yananitatiza. Mjomba wangu anawania uwakilishi wa wadi yetu. Na rafiki yangu aliyefanya kazi hiyo 2022 ananiambia kuwa kituoni kwao maajenti walitia saini fomu za matokeo kabla ya kura kuhesabiwa, ili kuokoa muda wa usiku. Je, ndivyo inavyofanywa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la fomu, kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana, haifanywi hivyo, na ukiona inafanywa kituoni kwako usishiriki. Saini ya ajenti kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, inasema kwamba alikuwepo kura zikihesabiwa, na kwamba tarakimu zilizoandikwa ndizo alizoziona. Akitia saini saa tisa alasiri, ameshuhudia nini? Nitalirudia tukifika usiku.

La mjomba ni zito zaidi kwako wewe. Omba kazi, lakini liseme mapema na uliseme kwa maandishi. Kabla IEBC, yaani Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, haijawateua wasimamizi wa vituo na manaibu wao, majina yao hupelekwa kwa vyama na wagombea huru siku 14 kabla, ili mwenye pingamizi aseme. Wewe unaomba ukarani, lakini usitegemee kwamba utapita kimya. Kaloleni nzima ni nani asiyejua wewe ni mpwa wa nani? Mwandikie msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge kwamba una jamaa anayewania wadi fulani, umwombe akupange wadi nyingine. Ikishindikana, kazi hiyo iache ikupite mwaka huo. Sisemi kwamba utaiba kura. Nasema kwamba mjomba akishinda kwa kura tatu, hakuna atakayemzungumzia yeye, watakuzungumzia wewe. Na akishindwa kwa kura tatu, nyumbani pia watakuzungumzia wewe. Na lile kundi la WhatsApp la kampeni yake, jitoe siku hiyo hiyo unapoomba kazi, usingoje kuitwa mafunzoni.

Sasa kazi yenyewe. Kituo chako huenda kikawa darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, na vibanda vya kadibodi vimepangwa mahali ambapo dirisha halichungulii. Ndani kuna msimamizi wa kituo, naibu wake, makarani, askari, maajenti wa wagombea na vyama, na mara nyingine waangalizi na waandishi wa habari. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Shule yenye walioandikishwa wengi hugawanywa mikondo kwa herufi za majina, kila mkondo na darasa lake. Ndiyo maana karani wa foleni, ambaye wengi humwona hana kazi, anaweza kuokoa au kuharibu siku nzima. Mama aliyepanga foleni ya watu wa herufi za mwanzo na jina lake ni la mwisho mwisho, akigundua baada ya saa mbili za jua, wengine kama yeye hurudi nyumbani wasipige kura kabisa. Pita kwenye foleni mapema, soma vitambulisho, watenganishe. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu walete mbele bila kungoja waombe.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo moja ambalo huwa nawaambia makarani wote ninaowafundisha. Kituo cha kura kina siri moja tu, nayo ni alama aliyoiweka mpiga kura kwenye karatasi yake. Kilichobaki chote ni cha hadharani: madebe, nambari, hesabu, fomu, hata makosa yenu. Karibu kila fujo niliyowahi kuisikia kituoni ilitokana na watu kugeuza mambo hayo mawili. Walificha kilichotakiwa kuonekana, au walianika kilichotakiwa kufichwa.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nyinyi mtakuwa hapo tangu alfajiri, pengine mmelala hapo hapo na vifaa. Kabla ya mpiga kura wa kwanza kuingia, msimamizi huyainua madebe yakiwa wazi na kuyaelekeza kwa waliopo waone kuwa hayana kitu. Kisha huyafunga kwa vifungo vya plastiki vyenye nambari, na nambari hizo husomwa kwa sauti. Usiharakishe hapo. Ngoja maajenti wamalize kuandika, halafu zenu nazo ziingie kwenye daftari la kumbukumbu za kituo, lile mtakalosikia likiitwa PSD. Ajenti ambaye hajafika hazuii kituo kufunguliwa. Akifika saa mbili, mwonyesheni nambari zilizoandikwa, basi.

Karatasi za kura nazo hukaguliwa mapema. Mwaka 2022, katika mkesha wa uchaguzi, Tume iliahirisha uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa, na watu wa kaunti hizo wakarudi kupiga kura hiyo tarehe 29 Agosti. Kosa la aina hiyo huonekana na yule anayefungua kitabu cha karatasi na kukitazama, si anayehesabu vitabu vikiwa vimefungwa.

Kisha foleni inaanza kuingia, na hapa utakutana na KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha kumtambua mpiga kura. Mpiga kura hutoa kitambulisho au pasipoti, ile aliyojiandikishia, kisha huweka kidole. Kwenu Kaloleni utapata wagema. Mtu aliyepanda minazi miaka thelathini, kidole chake ni laini kama kokoto ya mtoni, na kifaa hakioni chochote. Makarani wengi wageni huingiwa na wasiwasi hapo, wakaanza kumtazama mzee kama tapeli. Mpe kitambaa apanguse, jaribu kidole kingine, kisha kingine. Ikishindikana, mtafute kwa nambari ya kitambulisho kwenye kifaa hicho hicho. Akipatikana na picha ikawa yake, fomu ya 32A hujazwa mbele ya maajenti na anapiga kura yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kidole kikigoma mwenye kidole arudi nyumbani. Kifaa chenyewe kikifa kabisa, hilo ni la msimamizi kuripoti. Daftari la wapiga kura lililochapishwa halifunguliwi kwa uamuzi wa kituo. Mwaka 2022 lilitumika katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni baada ya Tume kuruhusu.

Mpiga kura hupewa karatasi sita: nyeupe ya rais, na nyingine za gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, kila moja na rangi yake na debe lake. Ukieleza namna ya kuweka alama, usitaje jina la mgombea hata kwa mfano, na usielekeze kidole juu ya karatasi yenyewe. Nimeona karani mwema kabisa akisema “weka alama hapa” huku kidole chake kimetua kwenye picha. Hakuwa na nia yoyote, lakini ajenti wa upande wa pili aliona, na kituo kilisimama nusu saa. Chukua karatasi tupu ya kawaida, onyesha kukunja, onyesha debe kwa rangi, nyamaza. Na simu ndani ya kibanda hapana. Anayetaka kupiga picha karatasi yake mara nyingi kuna mtu nje anayengoja kuiona kabla hajatoa pesa.

Nikae kidogo kwenye wapiga kura wanaosaidiwa, kwa sababu hapa ndipo siri huvuja mno, tena kwa watu wenye moyo mzuri. Bibi asiyeona, au asiyejua kusoma, au mwenye mikono inayotetemeka, ana haki ya kuja na mtu wake. Mtu huyo awe mtu mzima, asiwe mgombea wala ajenti, na aape kwamba hatatoa siri. Tena anasaidia mtu mmoja tu. Utaona kijana yule yule akirudi mara ya pili na bibi wa jirani, mara ya tatu na babu wa mtaa wa pili, kila mara anasema ni nyanya yake au babu yake. Mara ya pili mwambie kwa upole kwamba ameshamaliza zamu yake, na andika. Wakiingia kibandani, maajenti hawawafuati, hata wakikwambia wanataka kuhakikisha anaandika anachoambiwa. Bibi amemchagua mtu anayemwamini, na kumwamini huko ni juu yake.

Asiyekuja na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo, na hapo maajenti huwepo, kwa sababu sasa msaidizi ni ofisa wa Tume na lazima kuwe na macho. Lakini kuwepo si kutangaza. Nimewasikia wasimamizi wakiuliza kwa sauti ya mnada, “Bibi, rais unamtaka nani?” na darasa zima likageuka. Bibi huyo anarudi kijijini na jibu lake limetangulia. Inama, uliza karibu na sikio lake, maajenti wasogee badala ya sauti kupanda.

Ukishuku mtu si yeye, au ajenti akimpinga mpiga kura, hupigi kelele wala hubishani. Unamwita msimamizi. Karani hana mamlaka ya kumfukuza mtu. Msimamizi anayo, akisaidiwa na askari, kwa anayeleta vurugu, lakini hata yeye hawezi kuyatumia kumnyima mtu kura aliyo na haki nayo. Mlevi anayepayuka hutolewa nje apoe, kisha hurudi kwenye foleni.

Maajenti watakuchosha. Mmoja atataka kukaa nyuma ya kifaa, mwingine atapinga kila mzee anayeingia, wa tatu atalala. Watendee wote sawa, pamoja na yule anayelala, na hasa yule wa chama unachokipenda moyoni. Ajenti akilalamika, lalamiko liandikwe, likiwa la maana au la upuuzi, maana baadaye mahakamani wakili wa mlalamishi atauliza kwanza lilikoandikwa. Chai na mahamri vikija kutoka kwa mgombea, hata vikija kwa kituo kizima na hata ukiwa hujala tangu usiku, vikatae na utoe shukrani. Beba chakula chako. Nalisisitiza hili kwa watu wa pwani kwa sababu kwetu kukataa chakula ni kumvunjia mtu heshima, na wanaoleta mahamri hayo wanalijua hilo kuliko wewe.

Saa kumi na moja jioni foleni hufungwa, lakini aliyekuwa ndani ya foleni saa hiyo anapiga kura hata ikifika usiku. Mweke askari au karani nyuma ya mtu wa mwisho, ili hapo baadaye kusiwe na ubishi wa nani alikuja lini. Kituo kilichochelewa kufunguliwa hufidiwa muda wake.

Na hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Umeamka alfajiri, umekaa na watu kutwa nzima, na sasa ndipo kazi inayobeba nchi inaanza, kwa taa ya betri, watu wakipiga miayo. Zamani kulikuwa na dhana kwamba kituoni huandikwa tu takwimu za kutuma, na wakubwa juu ndio watakaosahihisha. Mahakama ya Rufaa iliifunga njia hiyo tarehe 23 Juni 2017 katika kesi ya Maina Kiai na wenzake: matokeo yanayotangazwa mashinani ndiyo ya mwisho, na hakuna ofisi ya Nairobi yenye ruhusa ya kuyabadilisha. Miezi miwili na siku chache baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na miongoni mwa yaliyochunguzwa zilikuwamo fomu zisizo na saini na zisizo na alama za usalama. Mwaka 2022 Fomu 34A za vituo vya nchi nzima, vilivyozidi 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume. Mtu aliyeketi Turkana aliweza kusoma mwandiko wa msimamizi wa Kilifi. Kwa hiyo usiku ule mnaandika hukumu, na mtu wa kwanza kuisoma ni mpinzani wa aliyeshinda.

Kuhesabu kuna vitendo vitatu kwa kila karatasi, na havirukwi: kumtaja aliyepigiwa, kuigeuza karatasi maajenti waione, na kuiweka mahali pa mgombea huyo. Saa tano usiku kutatokea mwenye akili nyingi atakayependekeza mpange mafungu kwanza kisha mhesabu harakaraka. Kataeni. Mafungu yakishapangwa bila kuonyeshwa, hakuna tena aliyeona kitu, na ubishi ukizuka itabidi mrudi mwanzo.

Karatasi yenye utata mtabishana nayo sana, kwa hiyo jua mapema. Isiyo na muhuri wa Tume haihesabiwi, wala iliyowekwa alama kwa wagombea wawili wa kiti kimoja, wala iliyoandikwa jambo linalomtambulisha mwenyewe, wala isiyo na alama. Lakini mtu aliyeweka tiki badala ya msalaba, au alama yake ikatoka nje kidogo ya kisanduku, na nia yake ikawa wazi, kura yake ni kura. Anayeamua ni msimamizi, na ajenti asiyekubali ana haki ya pingamizi lake kuandikwa. Mgombea au ajenti anaweza pia kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili.

Halafu fomu. Usiiguse kabla hesabu haijakaa sawa kwenye karatasi ya pembeni. Jumla ya kura za wagombea wote ijumlishwe na zilizokataliwa, na msiogope kujumlisha mara ya pili kwa mtu mwingine. Mkipata karatasi zaidi ya watu waliotambuliwa na kifaa, kuna kitu kimekosewa, na kitafutwe hapo hapo maajenti wakiwepo. Ndipo msimamizi aandike, polepole, saba isifanane na moja, nne isifanane na tisa. Akikosea, asichovye wino mweupe wala asiandike juu ya juu. Akate kwa mstari mmoja kosa lionekane, aandike sahihi kando yake na kutia saini, na maajenti waambiwe. Kosa lililokatwa wazi hueleweka. Kosa lililofutwa huzua hadithi ya usiku ambayo huwezi kuithibitisha wala kuikanusha.

Baada ya hapo ndipo saini za maajenti zinapokuja, kila mmoja akishasomewa tarakimu zote kwa sauti. Anayekataa kutia saini huulizwa sababu na sababu huandikwa. Kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo msimbembeleze wala msimtishe. Sasa rudi kwa rafiki yako. Fomu iliyotiwa saini mapema haikuokoa muda wowote: saini za watu sita hazizidi dakika kumi. Ilichofanya ni kumwachia msimamizi karatasi yenye mashahidi na isiyo na ushahidi, aandike apendalo. Pengine aliandika ukweli. Lakini hakuna anayeweza kulijua hilo, hata rafiki yako aliyekuwa chumbani. Msimamizi wako akikuagiza ukusanye saini mapema, mwambie kwa adabu kwamba huwezi, liandike kwenye PSD na mpigie simu msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge. Kuwa “niliambiwa na mkubwa” hakutakusaidia: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inawagusa maofisa wa Tume wenyewe, na adhabu hufika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili.

Matokeo yakishatangazwa, fomu hupigwa picha na kifaa na kutumwa, maajenti hupewa nakala zao, na nakala moja hubandikwa mlangoni. Ibandikeni kweli, kwa gundi, mahali ambapo mtu aliyekuja kuteka maji asubuhi ataisoma. Vituo vinavyosahau hilo ndivyo ambavyo kijiji huamini kwamba kura zilipikwa, hata kama hazikupikwa.

Mwisho ni safari ya kituo cha kujumlishia. Hapa usalama wako ni sehemu ya kazi: mwaka 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Msiondoke mmoja mmoja na madebe, msipande gari la mtu aliyejitolea, na msikubali kusimamishwa njiani kwa chai wala kwa mkutano. Msimamizi asafiri na askari na vifaa, na ajenti anayetaka kufuatana nao asizuiwe. Mkifika, kila kitu hukabidhiwa kwa nambari: madebe, vifungo, fomu halisi, kifaa, mihuri. Mpokeaji atie saini kwamba amepokea, na hata kama ni saa kumi alfajiri na dereva anapiga honi, msitoke hapo bila nakala ya makabidhiano hayo.